Zawadi Bila Anwani: Kisa cha Huduma Iliyomjua Mlipaji na Kumsahau Mpokeaji

Kisa hiki ni cha timu ndogo iliyojenga huduma ya kumtumia zawadi mtu ambaye hujui anakoishi. Niliitwa kuipitia kazi yao miezi michache baada ya uzinduzi, lalamiko moja lilipowafanya wasimamishe matangazo yote. Majina, nchi, aina ya bidhaa na hesabu za mauzo nimeviondoa kwa makubaliano nao. Mfuatano wa mambo na makosa yenyewe nimeviacha vilivyo, likiwemo kosa moja ambalo ni langu.

Usuli

Wazo lenyewe si geni. Facebook ilizindua Gifts mwaka 2012, baada ya kuinunua kampuni changa iitwayo Karma mwaka huohuo. Mtumaji alichagua zawadi, mpokeaji akajulishwa, na mpokeaji ndiye aliyejaza anwani. Mwaka uliofuata waliacha kuuza vitu vya kushikika mkononi, wakabaki na kadi za zawadi. Mwaka 2021 Amazon nayo iliwawezesha wanachama wa Prime, uanachama wake wa kulipia, nchini Marekani kutuma zawadi kwa namba ya simu au baruapepe tu. Timu hii ilizijua huduma zote mbili na ikachukua umbo la safari: lipa, tuma kiungo, mpokeaji ajaze anwani, ghala lipeleke.

Kwenye waraka wao wa kwanza wa usanifu, anwani ilielezwa kuwa ni "sehemu ya fomu ambayo mteja hana". Nilipousoma mstari huo nilijua nitakayoyakuta mbele. Mteja, kwao, alikuwa mtu mwenye kadi ya benki. Mpokeaji alikuwa mahali pa kuchukulia taarifa iliyopungua.

Timu ilikuwa na wasanidi programu wawili, mbunifu mmoja, msimamizi wa fedha, na mtu mmoja wa huduma kwa wateja. Ufungaji na usafirishaji walikodi kwa ghala la nje.

Toleo la kwanza

Mtumaji aliandika jina lake, namba ya simu ya mpokeaji na salamu fupi, kisha akalipa. Mfumo ukamtumia mpokeaji SMS: kuna mtu amekutumia zawadi, bonyeza hapa ujaze anwani yako.

Isome tena sentensi hiyo kama mtu uliyeipata kutoka namba usiyoijua. Ndivyo matapeli wanavyoandika, neno kwa neno. Kila onyo tulilowahi kupewa na benki na kampuni za simu linatuambia tuufute ujumbe wa aina hiyo. Wapokeaji wengi waliufuta. Wengine walimpigia mtumaji kumuuliza kama simu yake imedukuliwa, na mshangao wa zawadi ukaishia hapo. Waliobaki walikaa kimya, na kwenye jedwali la timu kimya hicho kiliandikwa "inasubiri". Kimya kingi kina mshindo. Ilipita muda mrefu kabla mtu wa huduma kwa wateja hajasema kwamba watu hawasubiri chochote, wanaogopa.

Kabla ya kulielewa hilo, timu ilihangaika na mambo mawili ya kiufundi. Ninayaeleza kwa sababu yeyote atakayejenga kitu cha namna hii atakutana nayo.

La kwanza ni emoji. Mbunifu aliweka kialama cha boksi la zawadi mwanzoni mwa SMS. SMS inayotumia herufi za kawaida za GSM, yaani orodha fupi ya alama za mitandao ya simu, inabeba alama 160. Ukiingiza hata alama moja iliyo nje ya orodha hiyo, ujumbe mzima unabadilishiwa usimbaji, yaani namna herufi zinavyohifadhiwa, na nafasi inashuka hadi alama 70. Ujumbe uliokuwa mmoja ukawa vipande vitatu, gharama ikapanda mara tatu, na vipande vilipochelewa au kupotea njiani kiungo kilifika kimekatika katikati. Kialama kiliondolewa. Hakuna mpokeaji aliyeuliza kimekwenda wapi.

La pili lilikuwa gumu kuligundua. Kiungo kilikuwa cha kutumika mara moja, jambo ambalo kwa usalama ni zuri, ila baadhi ya wapokeaji walikifungua kwa mara ya kwanza wakakuta maneno "Kiungo hiki kimeshatumika". Aliyekitumia alikuwa nani? Programu za kutumiana ujumbe huvuta ukurasa wa kiungo kimyakimya ili zionyeshe kichwa na picha ndogo chini yake. Vichujio vya usalama vya baruapepe za kazini navyo hufungua viungo ili kuvikagua. Mashine zilikuwa zimefungua zawadi kabla ya mwenyewe. Kosa lilikuwa kuuhesabu ufunguaji wa ukurasa kuwa ndio matumizi. Kwa mujibu wa HTTP, kanuni za mawasiliano ya kivinjari na seva, ombi la GET, linalofungua ukurasa, linapaswa kuwa la kutazama tu, lisibadilishe hali ya kitu. Walirekebisha ili kiungo kionyeshe ukurasa mara nyingi iwezekanavyo, na matumizi yahesabiwe pale tu mtu anapobonyeza kitufe cha kupokea, kinachotuma ombi la POST, yaani la kuwasilisha jambo kwa seva.

Lalamiko

Aliyelalamika alikuwa mpokeaji. Aliletewa kiungo, akaona jina la mtumaji ambalo kwa kweli lilikuwa jina la utani linaloweza kuwa la mtu yeyote, akajaza anwani yake. Tangazo la huduma lilimwahidi kwamba mtumaji hataiona. Siku chache baadaye alipata ujumbe kutoka kwa mtu ambaye yeye mpokeaji alikuwa amekata naye mawasiliano, na akahama mji ili kumkwepa. Mtu huyo alimtajia mji anaoishi sasa.

Timu ilipekua kumbukumbu za seva usiku kucha ikitafuta mahali anwani ilipovuja. Haikuvuja. Mtumaji alikuwa ametumiwa, kama kila mnunuzi, namba ya kufuatilia kifurushi. Ukurasa wa msafirishaji ulionyesha kituo kilichokipokea kifurushi mara ya mwisho kabla ya kukabidhiwa, pamoja na saa kilipokabidhiwa. Hakuna aliyeionyesha anwani. Mji ulionekana, na saa ambayo mtu huyo huwa nyumbani ikaonekana pia.

Kwa bahati halikutokea jambo baya zaidi ya hofu, na hofu yenyewe haikuwa ndogo.

Nilipofika tulichora kila kitu ambacho mtumaji anakiona tangu anapolipa hadi mwisho, tukauliza kwa kila kimoja: mtu mwenye nia mbaya na subira angejifunza nini hapa? Tulikuta milango mingine miwili. Mmoja ulikuwa nauli. Mfumo ulimkata mtumaji nauli ya makadirio, kisha ukamtoza au kumrudishia tofauti baada ya anwani kujulikana. Kwa kuwa nauli hufuata umbali na ukanda, mtumaji aliyefanya hesabu kidogo angejua mpokeaji yuko ukanda gani. Mwingine ulikuwa risiti, ambayo katika baadhi ya mauzo ilionyesha kodi kwa kiwango cha mahali zawadi inapokwenda.

Maamuzi na sababu zake

*Nani apeleke kiungo.* Tuliiondoa SMS ya mfumo. Mtumaji anapewa kiungo na anakipeleka mwenyewe, katika mazungumzo ambayo tayari yupo na mpokeaji. Msimamizi wa fedha alipinga, akisema tunampa mlipaji kazi ya ziada. Ni kweli. Lakini uaminifu hauwezi kununuliwa kwa kuandika SMS vizuri zaidi. Uko kwenye mazungumzo ya watu wawili wanaofahamiana, na huduma haina budi kuuazima hapo. Faida nyingine iliyokuja bila kutafutwa ilihusu namba za simu. Namba hurudi sokoni: kampuni za simu huzigawa upya kwa wateja wengine baada ya kukaa bila matumizi, na nchini Marekani kanuni zinataka zikae siku 45 angalau. Mtumaji mwenye namba ya zamani alikuwa anampelekea zawadi mtu asiyemjua, na huyo asiyejulikana alikuwa anaipokea kwa nia njema kabisa. Mfumo usipohitaji namba, kosa hilo linapungua. Kisheria nako mzigo ulipungua. GDPR, sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda taarifa binafsi inayotumika tangu Mei 2018, inataka mtu ambaye taarifa zake zimetoka kwa mtu mwingine aelezwe jambo hilo, na taarifa hizo zikitumika kuwasiliana naye, aelezwe mara ya kwanza anapotafutwa. Namba ambayo hukuichukua haikudai maelezo.

*Nini kiombwe.* Ukurasa wa mpokeaji hauombi neno la siri, kadi wala namba ya uthibitisho. Unaanza na salamu za mtumaji na picha ya zawadi. Anwani inaombwa mwisho. Anayeogopa kujaza nyumbani anaweza kuchagua kituo cha kuchukulia.

*Swali la siri.* Hapa ndipo lilipo kosa langu. Nilishauri mtumaji aweke swali ambalo jibu lake analijua mpokeaji tu. Kwenye karatasi lilipendeza. Wapokeaji hawakukumbuka majibu, au waliyaandika kwa tahajia tofauti, na watumaji wengi walimaliza tatizo kwa kuandika jibu ndani ya salamu zenyewe. Tuliliondoa baada ya wiki chache.

*Kufuatilia.* Namba ya kufuatilia inakwenda kwa mpokeaji peke yake. Kwa zawadi inayopokelewa, mtumaji anaona hali tatu tu: imetumwa kwa mpokeaji, imekubaliwa, imefika. "Imefika" inaonyeshwa baada ya kucheleweshwa kwa muda usiotabirika, bila saa. Ghala linaweka anwani ya ghala lenyewe kama anwani ya kurudishia. Watumaji walilalamika, na bado wanalalamika, kwa kuwa aliyelipa anapenda kujua kitu chake kiko wapi. Nadhani wana haki ya kukereka. Sidhani wana haki ya kujua.

*Nauli.* Bei moja kwa kila uzito, popote zawadi inapokwenda ndani ya eneo la huduma. Baadhi ya safari zinaleta hasara na nyingine zinaifidia. Kodi inajumuishwa ndani ya bei. Zawadi za kuvuka mipaka zilisitishwa kabisa: fomu za forodha za posta, CN22 na CN23, zinataka kilichomo na thamani yake viandikwe wazi, na mara nyingi mpokeaji ndiye anayedaiwa ushuru. Zawadi inayokuja na deni ni jambo gumu kulieleza kwa mtu yeyote.

*Wakati wa kukata fedha.* Toleo la kwanza lilizuia fedha kwenye kadi na kuzichukua mpokeaji alipokubali. Kizuizi cha kadi kwa kawaida kinadumu kama siku saba kisha kinaisha, na watu hawajibu zawadi kwa kasi ya benki. Mpokeaji alikubali siku ya kumi na moja, akaambiwa zawadi inakuja, mfumo ukaomba fedha upya, kadi ikakataa. Sasa fedha zinachukuliwa mara moja, zinaandikwa vitabuni kama deni ambalo huduma inadaiwa na mteja, na zinakuwa mapato pale tu kifurushi kinapoondoka ghalani.

*Kukataa.* Huu ndio uamuzi uliotugawanya. Awali, mpokeaji akibonyeza "Kataa", mtumaji alipata baruapepe ya kumweleza. Wapokeaji walijua, kwa hiyo hawakubonyeza. Kumkatalia mtu zawadi usoni ni jambo zito. Tulitaka kukataa kuwe kimya: mtumaji aone "haikupokelewa" muda ukiisha, iwe mpokeaji alikataa, alisahau au hakuuona ujumbe. Hapo ikazuka hesabu isiyokwepeka. Ukimrudishia mtumaji fedha siku ileile mpokeaji alipokataa, umeshamwambia. Ili kimya kiwe kimya kweli, marejesho yote lazima yasubiri mwisho wa muda.

Msimamizi wa fedha aliona kwamba tunashikilia fedha za mtu huku tukijua hazitatumika. Mbunifu aliona kwamba bila hivyo kitufe cha kukataa ni mapambo. Tulimaliza kwa kumweleza mtumaji kabla hajalipa, kwa sentensi iliyo juu ya kitufe cha malipo: zawadi isipopokelewa kwa sababu yoyote, fedha zako zote zitarudi baada ya siku 21. Niliunga mkono kanuni hiyo. Idadi ya siku naona ni kubwa mno, na siku 14 zingetosha.

*Kubadilisha.* Mpokeaji anaweza kuchagua kitu kingine cha thamani ileile bila mtumaji kujulishwa.

Anwani ambayo haipo

Katikati ya kazi hii tuligundua kwamba maneno "bila anwani" yalikuwa yanabeba mambo mawili tofauti. Kuna mtumaji asiyeijua anwani, na kuna mpokeaji asiyekuwa na anwani ya kuandikika. Timu ilikuwa imejengea wa kwanza tu. Fomu ilidai jina la mtaa, namba ya nyumba na msimbo wa posta, na haikukubali kuendelea bila vyote vitatu. Watu waliandika sufuri tano wapite.

Fomu ya namna hiyo inawashinda hata wenye anwani kamili. Hong Kong haina msimbo wa posta. Ireland iliishi bila msimbo wa nchi nzima hadi Eircode ilipoanza mwaka 2015. Japani sehemu kubwa ya anwani hufuata namba za vitalu, wala si majina ya mitaa. Kwa mtu ambaye nyumba yake haina namba kabisa, fomu ile ilikuwa ukuta.

Toleo jipya linaanza na ramani: weka alama mahali ulipo, au andika maelezo ya kufika kwa maneno yako, au chagua kituo cha kuchukulia. Msimbo wa posta si lazima. Mahali pa ramani panaweza kubadilishwa kuwa Plus Code, mfumo wa Google ulio wazi kwa yeyote kuutumia, unaoandika mahali popote duniani kwa herufi na tarakimu chache. Tuliifikiria pia what3words, inayoigawa dunia katika miraba ya mita 3 kwa 3 na kuipa kila mmoja maneno matatu. Tuliiacha kwa sababu ni mali ya kampuni na ghala lingehitaji mkataba mwingine. Ukweli ni kwamba madereva walitegemea maelezo ya maneno na namba ya simu ya mpokeaji mwenyewe kuliko msimbo wowote. Namba hiyo inafichwa kwa namba ya kati inayokufa kifurushi kikishakabidhiwa.

Anwani na alama ya ramani vinafutwa muda wa kurudisha bidhaa ukiisha. Kwa ajili ya hesabu hubaki nchi na mwezi tu.

Matokeo

Zawadi zinazokubaliwa ziliongezeka waziwazi baada ya watumaji kuanza kupeleka kiungo wenyewe, na badiliko hilo lilizidi mengine yote kwa athari. Idadi ya wanaobonyeza "Kataa" nayo iliongezeka. Mwanzoni ilimtia wasiwasi msimamizi wa fedha, hadi ilipoonekana kwamba "haikupokelewa" kwa jumla zimepungua: watu waliokuwa wakipuuza sasa wanajibu. Maswali ya watumaji kuhusu kifurushi kilipo yaliongezeka sana, na mtu wa pili wa huduma kwa wateja aliajiriwa. Aliyelalamika alijibiwa kwa maandishi yaliyokiri kosa bila kujificha nyuma ya msafirishaji, na taarifa zake zote zikafutwa kwa ombi lake.

Uchambuzi

Lililofaa zaidi halikuwa la kiufundi. Waraka wa usanifu uliandikwa upya, na mahali pa "sehemu ya fomu ambayo mteja hana" pakaandikwa kwamba anwani ni uamuzi wa mpokeaji, na kwamba anaweza kuamua kutoitoa. Baada ya hapo mabishano ya wiki nzima yalikwisha kwa dakika. Je, mtumaji aone saa ya kufika? Je, tukumbushe mara tatu? Ukumbusho ni mmoja, na hauendi kwa mpokeaji. Unakwenda kwa mtumaji, aamue mwenyewe kama atamsemesha rafiki yake.

Kilichoshindikana ni jinsi timu ilivyoisoma ahadi yake. "Hataona anwani yako" ilijaribiwa kama sharti la programu: je, neno la anwani linatokea popote kwenye skrini ya mtumaji? Halikutokea, jaribio likapita. Mpokeaji aliisoma ahadi hiyohiyo kuwa hatajua niko wapi, na hivyo ndivyo mtu yeyote angeisoma. Hakuna jaribio la kompyuta ambalo lingeukamata mwanya ule. Mtu mmoja aliyeketi upande wa mtumaji mwenye nia mbaya aliukamata kwa alasiri moja.

Timu pia ilichelewa kwa sababu ilipima upande mmoja. Jedwali lao lilikuwa na hatua za mtumaji kwa undani, na kwa mpokeaji lilikuwa na neno moja, "inasubiri". Kama wangewapigia wapokeaji watano wa wiki ya kwanza, wangeisikia ile hofu ya utapeli kabla ya kulipia vipande vya SMS kwa miezi.

Jambo moja bado halijatulia, nalo ni shukrani. Mpokeaji aliruhusiwa kumrudishia mtumaji picha ya zawadi. Picha za simu hubeba ndani yake taarifa za EXIF, ambazo zinaweza kuwa na viwianishi vya mahali ilipopigwa, kwa hiyo seva ilianza kuzifuta taarifa hizo kabla ya kupitisha picha. Kisha mbunifu akaona picha iliyopigwa karibu na dirisha, na nje ya dirisha kibao cha duka kinasomeka vizuri. Sehemu ya picha imezimwa, limebaki sanduku la maneno. Ombi linaloongoza kutoka kwa watumaji, wiki baada ya wiki, ni kurudishiwa picha.